Ngonjera Mbele ya Wahakiki Wake

Katika tanzu za fasihi ya Kiswahili zilizochipuka Tanzania Bara katika karne ya 20, ni vigumu kuutaja uliopokewa kwa mioyo iliyogawanyika kama ngonjera, yaani ushairi unaotungwa kwa njia ya mazungumzo ya watu wawili au zaidi ili ughanwe mbele ya hadhira kwa sauti, kwa ishara za mikono na, mara nyingi, kwa mavazi yanayomtofautisha mhusika mmoja na mwenzake. Walioipenda waliona kwamba ushairi umerudishwa kwa watu wasiojua kusoma. Walioikataa waliona hotuba ya chama iliyovikwa vina. Hukumu zote mbili zilitolewa katika kipindi kilekile, juu ya kazi zilezile, na watu walioupenda ushairi wa Kiswahili kwa dhati. Tena mtunzi anayetajwa kuwa mwasisi wa utanzu huo, Mathias Eugen Mnyampala, hakutoka Mvita, Lamu, Tanga wala Unguja. Alitoka Ugogo, katikati ya uwanda wa juu wa Tanzania, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika historia hii kuliko unavyodhihirika katika vitabu vingi vya shule.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua zake huja katika msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na zikikosea mwezi mmoja njaa haiko mbali. Wagogo wameishi humo wakifuga ng'ombe na kulima mtama na uwele, wakijenga matembe, ambayo ni nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa bapa, kila kaya ikikaa mbali kidogo na nyingine ili mifugo ipate malisho. Kiswahili kiliwafikia kwa njia ya misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Tabora katika karne ya 19, ambayo ililazimika kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita na kupata maji, kwa watemi wa Ugogo. Kisha kikaja na boma la Wajerumani, na kwa reli ya kati, ambayo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo Kiswahili cha Dodoma kilikuwa lugha ya njia, ya soko, ya baraza la mahakama na ya darasa la misheni, huku lugha ya nyumbani, ya zizini na ya ngomani ikibaki Kigogo. Tena katika ngoma hizo, iwe ni muheme unaopigwa na wanawake au nyimbo zinazosindikizwa na zeze, sauti huwa nyingi: mmoja huanzisha, wengine humpokea, na kila kundi la sauti hushika njia yake pasipo kuivuruga ya mwenziwe.

Mnyampala alizaliwa Novemba 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, si mbali na Mtumba ambako leo umejengwa Mji wa Serikali. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuzaliwa, kwa sababu majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ukafuatia, hata ikaja ile njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyodumu hadi kuelekea mwaka 1920. Alisoma kwa Wakatoliki, akafundisha, kisha akaingia katika utumishi wa serikali na mahakama, kazi iliyompa fursa ya kusikiliza kesi, mashauri na simulizi za wazee. Tunda la kusikiliza huko ni kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1954 na ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Gregory Maddox mwaka 1995. Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala, na katika miaka hiyohiyo zikatoka tenzi zake mbili za kidini, Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Huyu alikuwa Mkristo wa Kigogo aliyeingia katika sanaa iliyolelewa na Waislamu wa pwani, na aliingia kwa adabu ya mwanafunzi, akizishika kanuni zake kwa ukamilifu kuliko baadhi ya wenyeji wake.

Kanuni hizo zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Mwaka uleule wa 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi, naye mtu wa bara kutoka Ujiji, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho kiliwafundisha maelfu ya wasomaji kwamba shairi lililo kamili huwa na beti za mistari minne, kila mstari ukiwa na vipande viwili vya mizani nane nane, mizani ikiwa ni silabi zinazohesabiwa moja moja. Kwamba kila kipande humalizika kwa kina, yaani silabi inayofanana na zile za mistari mingine ya ubeti. Na kwamba mstari wa mwisho unaweza kurudiwa katika kila ubeti, ukaitwa kibwagizo. Kwa mtoto wa pwani, mambo haya yaliingia kwa masikio kabla ya kujua kusoma. Kwa mtu wa Dodoma, Tabora au Kigoma, yalijifunzwa kwa kitabu na kwa gazeti, na pengine ndiyo maana watu wa bara wakawa walinzi wakali wa sheria hizo. Shaaban Robert mwenyewe, aliyewahi kupelekwa Mpwapwa kikazi katikati ya miaka ya 1940, aliwaonyesha kwa mfano wake kwamba karani wa serikali aweza pia kuwa malenga, yaani mtunzi mahiri anayetambuliwa na watunzi wenzake.

Ni katika gazeti ndipo ushairi wa bara ulipopata uwanja wake wa kweli. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi, na kurasa hizo ziliendesha jambo ambalo halijaandikiwa historia inayolitosha. Mtunzi mmoja wa Tanga angefumba fumbo kwa beti sita. Nakala ya gazeti ingesafiri kwa treni hadi kwenye vituo vya reli ya kati. Msomaji wa Dodoma angelifumbua kwa beti nyingine, akifuata vina vilevile ili aonyeshe kwamba hakushindwa. Halafu wa tatu, kutoka Mwanza au Lindi, angewakosoa wote wawili. Huu ndio uliokuwa mchezo wa malumbano, yaani mabishano ya kishairi, na asili yake ni ya kale, kwa kuwa Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akirushiana mashairi na wapinzani wa mji wake tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Jipya lilikuwa ukubwa wa uwanja. Watu ambao hawakuwahi kuonana walikuwa wakicheza pamoja mwezi baada ya mwezi, wengi wao kwa majina ya kupanga, na hakuna aliyejua mapema nani angeshinda wala jibu lingetoka wapi. Mnyampala alikuwa mmoja wa wachezaji hao, na heshima yake kama malenga ilitokana na malumbano hayo kabla ya kutokana na vitabu.

Kutoka malumbano hadi ngonjera hapakuwa na hatua ndefu, lakini hatua yenyewe ilikuwa nzito. Katika malumbano kila sauti ina mtunzi wake; katika ngonjera mtunzi mmoja anaziandika sauti zote, kisha anawapa wasemaji wazighani wakiwa wamesimama pamoja. Shairi likatoka kwenye ukurasa likaingia jukwaani, nalo likachukua baadhi ya tabia za tamthilia, ingawa halikuacha mizani wala vina. Wakati ulikuwa tayari kwa jaribio kama hilo: Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, kwa hiyo wazo la watu kujibizana kwa lugha ya kishairi mbele ya hadhira halikuwa geni kwa wasomi wa nchi. Ila Mnyampala hakuwa akiwaandikia wasomi. Aliwaandikia watu wa mikutano ya hadhara.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, likiifanya siasa ya ujamaa na kujitegemea kuwa mwongozo wa taifa, na mwaka uliofuata Nyerere alikutana na washairi, akawaomba wautumie ushairi kulieleza Azimio kwa wananchi. Mnyampala alikuwa kiongozi katika chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilichojulikana kwa ufupi kama UKUTA, na chama hicho kikaipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Yeye hakuishi kuona matokeo yake, kwa kuwa alifariki Juni 1969 akiwa na umri wa miaka 51. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilitolewa na Oxford University Press mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971, na vitabu hivyo viwili vikaenea katika shule, vyuo vya ualimu, viwanda na kambi, vikighanwa, vikiigwa na kuzaa ngonjera nyingine nyingi ambazo watunzi wake hawakuwahi kuchapishwa popote.

Ili kuelewa kwa nini mapokezi yalitofautiana kiasi hicho, ni lazima kuitazama ngonjera ikiwa kazini. Wasemaji husimama mstari mmoja, wakiitazama hadhira na siyo wao kwa wao. Mmoja, ambaye kwa kawaida ndiye asiyejua au asiyekubali, hupiga hatua mbele, huinua mkono na kughani ubeti wa swali: ujamaa huu ni kitu gani, na mtu aliyejitafutia mali yake kwa jasho ana sababu gani ya kuichanganya na ya mvivu? Hurudi nyuma, na mwenzake anayejua hupiga hatua, hujibu kwa ubeti wa vina vilevile, akimtaja kwa jina au kwa wadhifa, na kundi zima hudakia kibwagizo. Swali la pili huwa kali kuliko la kwanza, la tatu kuliko la pili, mpaka ubeti wa karibu na mwisho ambamo muulizaji hulegea na kukiri kwamba sasa ameelewa. Beti za mwisho husemwa na wote kwa pamoja. Katika uwanja wa shule usio na kipaza sauti, mizani nane za kila kipande ndizo zinazowafanya watoto ishirini waseme kama mtu mmoja, na kina cha kati ndicho kinachowapa nafasi ya kuvuta pumzi. Sheria ambazo kwenye ukurasa zilionekana kuwa minyororo, hapa zilikuwa nyenzo.

Sifa zilizotolewa kwa ngonjera zilitokana hasa na nguvu hiyo. Walimu waliona kwamba mwanafunzi anayeshindwa kukumbuka aya moja ya kitabu cha siasa alikuwa akikumbuka beti kumi na tano. Viongozi waliona kwamba mkutano wa kijiji uliotanguliwa na ngonjera ulikuwa na watu wengi kuliko usio nayo. Wapenzi wa Kiswahili waliona fahari kwamba utanzu wa asili ya nyumbani, ambao haukuigwa kutoka jukwaa la Ulaya, ulikuwa umekubalika nchi nzima kwa muda mfupi, na kwamba aliyeubuni hakuwa mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho. Sifa hizo zilikuwa za haki. Katika nchi ambayo wakati huo wengi wa watu wazima walikuwa hawajui kusoma, na ambayo kampeni zake kubwa za elimu ya watu wazima zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, sanaa iliyoweza kubebwa kichwani na kughanwa chini ya mbuyu haikuwa jambo dogo.

Lawama zilitoka pande mbili ambazo zenyewe hazikuelewana. Upande mmoja ni wa wale waliouona ushairi kuwa ni sanaa ya fumbo na ya ufundi wa ndani, ambao kwao ngonjera ilikuwa imetunza ganda ikapoteza kiini: vina vipo, mizani ipo, lakini hakuna kinachofumbwa, kwa kuwa kila neno limewekwa ili lieleweke mara moja na kila mtu. Upande wa pili ni wa wahakiki na watunzi vijana waliopitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kizazi cha Euphrase Kezilahabi, aliyetoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, na cha Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Hawa walikuwa katika vita vyao vya kudai kwamba ushairi unaweza kusimama pasipo vina wala mizani, na mbele yao ngonjera ilionekana kuwa ushahidi wa madai yao, kwani hapa palikuwa na tungo zilizotimiza kila sheria ya Amri Abedi na bado, machoni pao, nyingi hazikufikia kuwa ushairi. Walinzi wa sheria, ambao miongoni mwao alikuwa Saadani Kandoro, malenga na mmoja wa waasisi wa TANU, walizijibu hoja za vijana hao kwa ukali, lakini hata wao hawakuwa wepesi kuiweka ngonjera pamoja na tungo walizozienzi. Hivyo ikabaki katikati ya vita ambavyo haikuvianzisha, ikipigwa na majeshi yote mawili.

Lawama hizo, kwa uzito wake wote, ziliipima ngonjera kwa kipimo cha ukurasa, na kwa kipimo hicho haikuwa rahisi ishinde. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwingine. Malumbano ya gazetini yalikuwa na mpinzani wa kweli, anayeweza kushinda. Ngonjera ilimweka mahali pake mpinzani wa kuandikwa, ambaye tangu ubeti wa kwanza hadhira inajua kwamba atashindwa, na inajua hata ubeti atakaposhindwa. Sauti ziliongezeka, wachezaji wakapungua hadi mmoja. Sanaa iliyozaliwa na ushindani wa watu wengi waliotawanyika kutoka pwani hadi maziwa makuu iliingia mkononi mwa mtunzi anayezijua kauli zote mbili, na kwa kuwa mtunzi huyo aliombwa aeleze sera iliyokwisha kuamuliwa, swali la mjinga lilikuwa swali kwa sura yake tu.

Mfano kutoka sanaa nyingine kabisa unasaidia kuliona jambo hili kwa uwazi zaidi. Fallout, mfululizo wa michezo ya kompyuta ulioanza Marekani mwaka 1997, ulipendwa kwa sababu mchezaji, akiwa peke yake, alikutana na wahusika walioandikiwa maneno na hulka zao kwa uangalifu. Novemba 2018 kampuni ya Bethesda ilitoa Fallout 76, mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, ambao ulitoka bila wahusika wa kibinadamu walioandikwa, kwa matumaini kwamba wachezaji wangetosheana wao kwa wao. Wahakiki wengi waliuona kuwa mtupu, wengine wakausifu kwa ukubwa na uzuri wa mandhari yake, na Aprili 2020 kampuni ililazimika kuwarudisha wahusika hao. Mchezo ule ulikuwa na watu wengi wa kweli na hapakuwa na wa kuandikwa; ngonjera ilikuwa na wa kuandikwa wengi na hapakuwa na mpinzani wa kweli. Katika hali zote mbili wapenzi wa zamani walihisi kwamba kitu kimetolewa, na wahakiki wakachelewa kukitaja kwa jina lake kwa sababu walikuwa wakikitafuta mahali kilipokuwa zamani.

Hata hivyo, ndani ya Ugogo wenyewe jambo hili lina sura nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini. Kuanzia mwaka 1971, mwaka uleule kilipotoka kitabu cha pili cha Ngonjera za UKUTA, serikali iliendesha Operesheni Dodoma, mpango wa kuwahamisha Wagogo kutoka kwenye matembe yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Kwa mfugaji wa Chamwino au Bahi, maswali ambayo ngonjera iliyaweka kinywani mwa mtu asiyeelewa hayakuwa ya kubuni: ng'ombe watalishwa wapi kaya zikisongamana, shamba lililo mbali litalindwaje dhidi ya ndege, na nani atagawa mavuno mwaka wa njaa? Ili jibu lipendeze, swali lilibidi liwe na nguvu, na mtunzi mwenye ufundi hakuweza kumpa muulizaji beti dhaifu bila kuiharibu kazi yake yote. Kwa hiyo, katika miaka ambayo haikuwa rahisi kwa mwanakijiji kusimama mkutanoni na kupinga, ngonjera ilikuwa mahali ambapo shaka ilitamkwa kwa sauti kubwa, kwa vina kamili, mbele ya viongozi, ingawa ilitamkwa ili ijibiwe. Wahakiki wa mjini waliosoma beti za mwisho waliona kukubali. Aliyeketi uwanjani alikuwa amekwisha kuzisikia beti za mwanzo.

Ujamaa wa vijiji ulipofifia katika miaka ya 1980, ngonjera haikufa pamoja nao. Ilibadili mada, ikaingia katika kampeni za afya, za mazingira na za kupinga ukimwi, na ikatulia katika shule za msingi, ambako hadi leo mahafali ya darasa la saba na ziara ya mgeni rasmi huonekana kupungukiwa ikiwa hapakughanwa ngonjera. Mitaala ya fasihi inaifundisha pamoja na tanzu nyingine za ushairi, mwanafunzi anatakiwa aeleze sifa zake, na jina la Mnyampala linatajwa mstari mmoja au miwili, mara nyingi bila kutajwa kwamba huyohuyo ndiye aliyeandika kwa Kiswahili historia ya watu wa Dodoma. Malumbano nayo yamepata njia nyingine: washairi wa Kiswahili hujibizana katika vipindi vya redio na katika makundi ya simu za mkononi, mmoja akiwa Dodoma, mwingine Tanga, mwingine Mombasa au Muscat, wakifungiana vina na kufumbiana mafumbo usiku huohuo badala ya kungoja toleo la mwezi ujao, na wanapobishana juu ya mizani iliyopungua katika kipande cha pili cha mstari wa tatu, ubishi wao ni uleule uliokuwa ukisafirishwa kwa treni katika kurasa za Mambo Leo.